Mwinuko wa Kitako: Namba ya Mwisho Kwenye Tangazo la Boti ya Faiba

Tangazo la boti ya uvuvi kwenye ufuo wa Ohio, Ziwa Erie, halina maneno mengi. Urefu futi 20 na ushee. Upana inchi 100. Injini ya kupachika, hospawa 250. Faibaglasi. Halafu chini kabisa, jirani na ujazo wa tangi la mafuta, imekaa namba peke yake yenye alama ya digrii: 16, au 19, au 21. Mnunuzi mgeni huiruka. Mvuvi wa ziwa lile huanza nayo, kwa sababu ndiyo inayomwambia mgongo wake utakuwaje jioni.

Jina la namba hiyo kwa Kiswahili linahitajika kweli, si kwa kupamba kamusi. Buffalo, kwenye ncha ya mashariki ya ziwa, na mji wenyewe wa Erie kule Pennsylvania, imepokea familia nyingi za Wakongo waliokuja kama wakimbizi, na wapo miongoni mwao waliotoka kando ya Ziwa Tanganyika, Uvira na Baraka. Mtu wa Baraka hafundishwi wimbi. Anachokosa ni maneno ya kumuulizia muuzaji, na ya kumweleza shemeji yake kwenye simu kwa nini boti hii ameikataa na ile ya bei hiyohiyo ameichukua.

Samaki anayetafutwa ni wolai. (Litamke polepole, ukiliharakisha, Mswahili atadhani unaapa.) Jina lake la kisayansi ni Sander vitreus, na neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "wa kioo", kwa sababu ya macho yake. Ndani ya jicho, nyuma kabisa, ana utando unaorudisha mwanga, hivyo huona vizuri alfajiri, jua likizama, na kwenye maji yaliyotibuka, saa ambazo samaki wadogo anaowala hawaoni sawasawa. Hana udugu na sangara wa Ziwa Viktoria, ijapokuwa Waingereza walimpa sangara jina la ukoo wa wolai. Siku maji yametulia tuli na jua ni kali, wolai hujificha. Upepo ukichafua uso wa ziwa, mwanga hupungua huko chini, naye hutoka kula. Kwa hiyo boti ya wolai hununuliwa kwa ajili ya mawimbi. Anayesubiri ziwa litulie atavua kidogo.

Na mawimbi ya Erie yana tabia zao. Ziwa hilo ni la nne kwa eneo kati ya Maziwa Makuu matano ya Amerika Kaskazini, kilomita za mraba zipatazo 25,700, zaidi kidogo ya theluthi moja ya Viktoria. Lakini kina chake ni kifupi: wastani wake ni mita 19, na bonde lake la magharibi, ambako wavuvi wa wolai hujazana, lina wastani wa mita 7 hivi tu. Limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, karibu kilomita 390, na ndiyo njia ya pepo kubwa za huko. Upepo wa magharibi ukishika kasi husukuma maji kuelekea Buffalo, hadi kimo cha maji huko na kimo chake Toledo vinaweza kutofautiana kwa zaidi ya mita 2. Juu ya maji mafupi kama hayo wimbi halipati nafasi ya kujinyoosha. Wimbi la mita moja katika Bahari ya Hindi lina mgongo mrefu. Unapanda, unashuka, unapumua. La Erie ni kali na limesimama, na kabla boti haijatua sawasawa jingine limeshafika. Hapo ndipo kitako cha boti kinapojieleza.

Kabla ya kufika kwenye kitako, tumalize na faiba, maana neno hili limeshachukua sifa zisizo zake. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja watu husema "boti ya faiba", na wamesema vizuri: neno ni fupi, linakubali viambishi, na kila mvuvi analijua, hasa tangu serikali zianze kuwakopesha wavuvi boti za aina hiyo. Siku hizi faiba pia ni waya wa intaneti unaofukiwa barabarani, lakini lugha haikukosea, kwani vitu vyote viwili ni nyuzi za kioo. Wapo wanaotaka tuandike "nyuzi za kioo" badala ya faiba. Mimi nalitumia tamko hilo kueleza, silitumii kutaja. Kwanza, boti si nyuzi peke yake. Ni nyuzi zilizoloweshwa katika rezini ikagandishwa, kama zege linavyoshikana na nondo, na nyuzi bila rezini ni kitambaa tu. Pili, katika makala kama haya "nyuzi" zitagongana: boti ya nyuzi za kioo yenye mwinuko wa nyuzi 20 itamchosha msomaji bure. Basi faiba ibaki faiba, na pembe zipimwe kwa digrii.

Tena faibaglasi ni mzawa wa upande huohuo wa dunia. Nyuzi zenyewe zilipata njia ya kutengenezwa kwa wingi katika maabara ya kampuni ya vioo ya Owens-Illinois huko Newark, Ohio, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1938 ikaundwa kampuni ya Owens-Corning, makao yake Toledo, mji ulio kwenye mdomo wa mto Maumee, mto ambao kila masika maelfu ya wolai huupanda kwenda kutaga. Na ni Toledo hapohapo ambapo Ray Greene, mwaka 1942, alitengeneza mojawapo ya boti za kwanza za faibaglasi na rezini ya poliesta. Kilichowavutia wajenzi wa boti ni kalibu. Ubao unapinda kwa shida. Bati la alumini linakunjika upande mmoja kwa urahisi na upande wa pili kwa ugomvi. Faiba mbichi hulala ndani ya kalibu na kulifuata popote liendapo, kona kali, mbonyeo, mistari iliyotuna ya kutawanya maji. Faida yake kubwa kwa mvuvi ni hiyo: inakubali umbo. Ikimiminwa kwenye kalibu la umbo baya, itakuwa boti mbaya isiyooza.

Sasa umbo lenyewe. Itazame boti kwa nyuma, ikiwa imekaa juu ya trela. Katikati chini kabisa ni mkuku. Kutoka mkuku kitako kinapanda upande wa kulia na upande wa kushoto hadi kwenye kona kinapokutana na ubavu. Vuta mstari mlalo kabisa kutoka mkuku kwenda pembeni. Pembe iliyopo kati ya mstari huo na kitako ndiyo namba ya kwenye tangazo. Boti yenye kitako bapa ina digrii 0. Boti nyingi za maziwa madogo ziko kati ya 8 na 14. Zile zinazoitwa za V kali huanzia 20 hivi.

Huna haja ya kumwamini muuzaji, kwa sababu kipimo hiki unaweza kukichukua mwenyewe palepale. Mpe mwenzako pima maji ndefu, aigusishe kwenye mkuku na kuilaza hadi kipovu kitulie katikati. Wewe shika tepu. Pima sentimita 100 za mlalo kutoka mkuku kwenda pembeni, kisha kutoka hapo pandisha tepu wima mpaka iguse kitako, ukikwepa ile mistari iliyotuna. Ukipata sentimita 21, mwinuko ni digrii 12. Ukipata 36, ni 20. Ukikaribia 45, ni 24. Boti ikiwa nyembamba, pima mlalo wa 50 na ugawe namba hizo kwa mbili. Wenye haraka hutumia programu ya simu ya kupimia mlalo: simu inabanwa kwenye kitako upande mmoja, inasomwa, inahamishiwa wa pili, inasomwa tena, na wastani wa hizo mbili ndio jibu, maana trela nyingi husimama zimeinama upande.

Kuhusu jina, Kiingereza kimeunganisha maneno mawili ambayo moja moja ni "mfu" na "mpando". Ufu huo hauna marehemu ndani yake, na anayeandika "mpando mfu" atakuwa ametafsiri herufi na kuiacha boti gatini. Mtaani utasikia "pembe ya V", na kwa mazungumzo ya haraka inatosha, ila ina mtego. V ina pembe mbili za kuulizia. Ipo ile ya kutoka mlalo, ambayo tangazo huitaja, na ipo ile ya ndani, kati ya bawa la kushoto na la kulia. Boti ya digrii 20 ina pembe ya ndani ya digrii 140. Muulize fundi makini "pembe ya V ni ngapi?" akujibu 140, naye atakuwa sahihi, nawe utarudi nyumbani umechanganyikiwa.

Napendekeza mwinuko wa kitako. Kitako ni pale chombo kinapokalia, iwe chungu, chupa au bunduki, na wanaotabasamu wakilisikia watazoea. Mwinuko unasema kwamba tunahesabu kutoka mlalo kwenda juu, hivyo 140 haina pa kuingilia. Istilahi hii pia inazaa: kitako bapa, kitako cha V, kitako cha V kali, mwinuko wa kitako kwenye tezi, mwinuko wa kitako katikati. Ina kasoro moja ambayo wanajiografia wataiona haraka, kwamba mwinuko kwao ni urefu wa mahali juu ya usawa wa bahari na hupimwa kwa mita. Katika maandishi ya kitaalamu basi tuandike kwa ukamilifu, pembe ya mwinuko wa kitako, na tukishaieleza mara moja tuifupishe. Maneno mengine hayahitaji kubuniwa. Mkuku, tezi, omo, taruma na ngama yamekuwa yakifanya kazi kwenye majahazi muda mrefu sana, na hakuna sababu ya boti ya Ohio kuyakosa. Fundi wa Nungwi au Matondoni hutazama kupinda kwa taruma kwa jicho, hana haja ya digrii. Kalibu la kiwandani ndilo linalodai namba.

Tofauti iliyotajwa hapo juu, tezi dhidi ya katikati, si ya kuchezea. Namba inayochapishwa karibu kila mara ni ya kwenye tezi, kwa nyuma. Mbele boti nyingi huwa kali zaidi. Lakini wimbi halipigi kwenye tezi. Boti ikiwa mbioni, hupiga mbele kidogo ya katikati. Boti mbili zenye digrii 18 nyuma zinaweza kutofautiana sana pale panapopigwa, na hapo tepu ile ile inafaa kusogezwa mbele.

Aliyeufanya mwinuko wa kitako uwe gumzo ni Raymond Hunt, mchoraji wa vyombo wa Marekani. Kabla yake boti nyingi za mbio zilikuwa na V kali mbele, kisha kitako kikazidi kulala kadiri unavyorudi nyuma, hadi tezini kikawa karibu bapa. Hunt akaipeleka V yote hadi nyuma, digrii 24. Mwaka 1960 Dick Bertram aliingiza boti ya umbo hilo, Moppie, katika mashindano ya kutoka Miami kwenda Nassau, siku bahari imechafuka vibaya, ikashinda kwa kuwaacha wenzake mbali mno. Mwaka uliofuata umbo hilo likaingia sokoni kwa faibaglasi, na wauzaji wakaanza kuviimba vitu viwili kwa pamoja, faiba na V, kana kwamba ni kimoja. Moppie ile iliyoshinda 1960 ilikuwa ya mbao.

Sababu ya kwamba V inapunguza pigo ilikuwa imeshaandikwa kwa hesabu tangu 1929, na Theodore von Kármán, aliyekuwa anashughulikia maboya ya ndege zinazotua majini. Kitako bapa kinakutana na maji yote kwa mara moja. Chenye mwinuko kinaingia kidogo kidogo, kutoka mkuku kwenda pembeni. Kwa hesabu yake, mwinuko ukitoka digrii 10 hadi 20, kilele cha shinikizo la pigo hushuka kwa zaidi ya nusu. Ukitoka 20 hadi 24, hushuka kwa chini ya moja ya tano. Mwenye kununua azitazame namba hizo mbili vizuri, kwa sababu digrii nne za mwisho zinalipiwa ghali.

Zinalipiwa pale boti inaposimama. Uvuvi wa wolai ni wa polepole. Chambo kinakokotwa kwa kilomita 2 hadi 4 kwa saa, mara nyingi kwa injini ndogo ya pembeni, au boti inaachiwa upepo uisukume. Katika mwendo huo V haikati chochote, inayumba tu. Samaki akishika, watu watatu hukimbilia upande mmoja, mmoja na ufito, mmoja na wavu, mmoja na ushauri, na boti ya digrii 24 inainama nao. Kitako kikali pia kinazama zaidi, kinataka nguvu zaidi kuibuka juu ya maji, na kinakunywa mafuta. Wajenzi hupunguza kuyumba kwa kuweka kona pana na bapa pale kitako kinapokutana na ubavu. Ubapa huo hukalia maji boti ikisimama, na ikienda hurudisha michirizi chini isimloweshe mtu. Ukiona boti ya digrii 20 yenye kona nyembamba, jiulize utasimama vipi.

Kwa Erie, mimi ningetafuta 18 hadi 20, urefu usiopungua futi 20, na ubavu mrefu juu ya maji. Chini ya 16 ni boti ya mtu anayeweza kuchagua siku, aliyestaafu, au anayeishi ufukweni. Zaidi ya 21 ni ya anayekwenda mbali kwa kasi, kama wanaofuata samoni katikati ya Ziwa Michigan. Mille Lacs ya Minnesota, ambayo kina chake kikubwa hakizidi mita 13 hivi, nayo huchafuka haraka, lakini ufuo hauko mbali, na 16 au 17 inatosha.

Uzito ndio mahali faiba inaposimama kwa miguu yake. Boti nyepesi yenye mwinuko mzuri bado itarushwa. Nzito itakaa kwenye maji na kuyakata, na ikiachiwa upepo haikimbizwi haraka kuliko chambo kinavyotaka. Bei yake ni kwamba boti, injini, trela na mafuta hupita tani 2 kwa urahisi, na pikapu ndogo haitavuta. Ndiyo maana Minnesota, ambako Lund wamekuwa wakitengeneza boti za alumini tangu 1948 katika mji wa New York Mills, watu wengi wenye akili zao hawajawahi kumiliki faiba. Alumini ikigonga jiwe hubonyea na unaendelea kuvua. Faiba huchubuka au kupasuka.

Boti iliyotumika ina siri moja zaidi. Kwa nje ni faiba, lakini nyingi za zamani zina mbao ndani ya ukuta wa tezi, ule unaobeba injini, na ndani ya mihimili ya urefu chini ya sakafu. Maji huingia kwa matundu ya skrubu ambayo mtu alitoboa kufunga kifaa akasahau kuziba. Mbao huoza miaka kadhaa huku nje panang'aa. Chukua mpini wa bisibisi ugonge ukuta wa tezi mahali pengi: panapojibu kwa mlio mkavu ni pazima, panapojibu kwa mlio wa kufa pana maji. Kisha inua injini, ikandamize kwa chini na macho yako yawe kwenye ukuta. Ukiuona unacheza, hiyo si boti ya futi 20, ni deni. Upande wa kulia wa tezi patazame pia. Boti iliyotengenezwa Marekani huwa na herufi na tarakimu 12 zilizochongwa hapo, na kwa zile za kuanzia 1984 tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Sheria ya huko inadai bamba la idadi ya abiria na uzito kwa boti za injini zilizo chini ya futi 20 tu, kwa hiyo usishangae ukilikosa kwenye kubwa.

Na unapopima mwinuko wa kitako cha boti iliyotumika, andika kulia na kushoto mbalimbali kabla ya kutafuta wastani. Inyanyue trela upande ulioinama hadi ukingo wa juu wa tezi ulale sawa kwa pima maji, upime tena. Kama pande mbili bado zinapishana kwa zaidi ya digrii moja, huenda boti ilikaa miaka kwenye trela isiyo yake, mihimili ya kulalia ikiwa imekaa vibaya, na kitako kimebonyea. Boti ya namna hiyo itavuta upande mmoja kila ikikimbia, na hakuna fundi atakayeinyoosha kwa bei ya punguzo unalopewa.